Mwalimu Aliyejenga Nyumba ya Nyota: Mali ya Mwenye Elimu ni ya Nani?



Katika mila zetu hakuna jambo lililopangwa vizuri kama kutoa. Tunajua nani anatoa nini siku ya mahari, nani analeta unga siku ya kilio, mjomba ana haki gani juu ya mtoto wa dada yake, na mtoto wa kwanza anadaiwa nini na wadogo zake. Kijana akipata kazi kwenye kompani, mshahara wa kwanza haujaingia mfukoni na tayari ndugu wameugawa. Hatusemi haya kwa kuwacheka ndugu. Mahali ambapo mtu hana bima wala pensheni ya kutegemea, ndugu ndiye bima, ndugu ndiye pensheni.

Lakini iko namna moja ya kutoa ambayo mila zetu hazijaipa jina. Ni pale mtu anapochukua mali yake mwenyewe, aliyoipata kwa jasho, akaiweka katika elimu isiyomlisha yeye wala ndugu yake, bali itawafaa watoto ambao hajui hata majina yao. Mtu huyo tumwite nani: mwenye busara, ao mpumbavu? Ana haki ya kufanya hivyo wakati kuna njaa nyumbani? Na sisi tunaopokea, tunadaiwa nini?

Tunalileta swali hili katika kitabu hiki cha mila kwa sababu limo katikati ya maisha yetu hapa Kolwezi. Mji wetu ulijengwa juu ya kuchimba. Macho yetu yamezoea kutazama chini, kwenye malakiti na kobalti. Ndiyo maana tumechagua mfano wa mtu aliyetumia mali yake kutazama juu kabisa, mbali na kila kitu kinachoweza kuuzwa. Ikiwa tunaweza kumwelewa huyo, tutaelewa pia wengine.

Habari ya Albert Hopkins

Albert Hopkins alizaliwa mwaka 1807 katika jimbo la Massachusetts, Marekani. Alisoma katika chuo kidogo cha Williams, kilichoko kati ya milima, akamaliza mwaka 1826. Mwaka 1829, akiwa bado kijana, alifanywa profesa wa hesabu na fizikia katika chuo hicho hicho. Baadaye akawa pia profesa wa elimu ya nyota, ile ambayo wenzetu wa pwani wanaiita falaki.

Wakati ule vyuo vya Marekani vilikuwa maskini wa vyombo. Mwalimu alifundisha mwendo wa sayari ubaoni, kwa chaki, na mwanafunzi akakubali tu. Mwaka 1834 Hopkins alisafiri kwenda Ulaya kununua vyombo kwa ajili ya chuo. Lakini darubini si kitu cha kuweka kabatini. Inahitaji nyumba yake: msingi usiotikisika, paa linalofunguka na kuzunguka, na saa ya nyota.

Saa ya nyota tuieleze kidogo. Nyota hazifuati saa ya jua. Kila usiku nyota inarudi mahali pake dakika 4 hivi mapema kuliko jana. Kwa mwezi mzima dakika hizo zinafika saa mbili. Kwa hiyo anayepima nyota anahitaji saa inayokwenda kwa mwendo wa nyota zenyewe.

Nyumba ya vyombo hivyo haikuwapo. Hopkins hakungoja. Kuanzia mwaka 1836 alipanda mlimani pamoja na wanafunzi wake, wakakata mawe, wakayashusha, wakajenga. Sehemu kubwa ya gharama aliitoa mfukoni mwake mwenyewe. Nyumba ilikamilika mwaka 1838. Mwaka 1852 ikapata darubini mpya iliyotengenezwa na Alvan Clark, fundi aliyekuja kuwa na sifa dunia nzima kwa vioo vyake. Jengo limehamishwa mara mbili, mwaka 1908 na mwaka 1961, lakini halijabomolewa. Leo ndiyo nyumba ya nyota ya zamani kuliko zote zinazosimama bado katika Marekani, na wanafunzi wanaingia humo kujifunza.

Profesa Hopkins hakugundua sayari. Hakupata utajiri. Alikuwa Mkristo wa kusali sana, na aliamini kwamba kijana akitazama nyota kwa makini, moyo wake utainuka kwa Muumba. Mwanawe Edward alikufa vitani mwaka 1864, katika vita vya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe. Baba alifariki mwaka 1872. Kwetu sisi, jina la mtu hupita katika watoto. Jina la huyu limepita katika mawe yaliyobebwa na wanafunzi.

Neno la kwanza la kupinga: njaa na ndugu

Tukiisimulia habari hii katika kartyé yoyote ya Kolwezi, tunajua jibu la kwanza litakuwa nini. Mzee mmoja atasema: «Mutoto ya ndugu yako eko nyumbani, minervale haiyalipwa, na weye unanunua miwani ya kuangalia nyota?» Na mama mmoja ataongeza: «Nyota hazipikwe bukari.»

Maneno haya tusiyadharau. Yana uzito. Mtu anayewaacha watoto wake bila chakula ili ajengewe sifa chuoni ni mwizi, hata kama mali ni yake. Ameiba haki ya wale aliowazaa. Tuangalie basi hali ya Hopkins: wakati anajenga, alikuwa hajaoa bado. Mfuko aliofungua ulikuwa wake kweli, hakuna mtoto aliyelia kwa sababu ya mawe yale. Hilo si jambo dogo. Angefanya hivyo hivyo akiwa na watoto sita na mke asiyeulizwa, tungemhukumu tofauti.

Kwa hiyo sharti la kwanza ni hili: haki za wenye haki zinakwenda mbele. Lakini tuseme pia ukweli wa upande wa pili. Kati ya wanaodai mfuko wa mwalimu, si wote wenye haki. Iko haki ya mtoto kula na kusoma. Iko pia tamaa ya binamu anayetaka pikipiki kwa sababu tu ameona jina la profesa linaitwa redioni. Mila zetu za zamani zilijua kutofautisha. Mzee wa ukoo aliweza kusema: «Huyu apewe, huyu angoje.» Leo mara nyingi tumeacha hesabu hiyo, tunamwona mwenye mshahara kama mti wa maembe kando ya barabara, kila anayepita anatupa jiwe.

Na lile neno la mama, kwamba nyota haipikwi bukari? Hapa mababu wenyewe wanajibu. Kiswahili kinalo jina la lile fungu dogo la nyota zinazokaa pamoja: Kilimia. Jina limetoka kwenye kulima. Hapa kwetu Kilimia kinaanza kuonekana mashariki jua likizama mwezi wa 11, wakati mvua zimeanza na majembe yako shambani. Mwezi wa 5, mvua zikiisha, kinapotea machoni katika mwanga wa jioni. Ni zile dakika 4 za kila usiku ndizo zinazokisogeza hivyo mwaka mzima. Mababu hawakuwa na saa ya nyota ya chuma. Walikuwa na macho na kumbukumbu, na mtu mwenye kujua alikuwa na kazi ya kuangalia kwa niaba ya wote. Kuangalia kwake kulilisha kijiji.

Lakini tusijibanze nyuma ya Kilimia peke yake. Ingekuwa rahisi kusema «elimu ya nyota inaleta chakula, basi ni nzuri». Hopkins hakujenga ili mahindi ya Massachusetts yaote. Alijenga kwa sababu aliona ni aibu kumfundisha kijana kitu ambacho kijana hawezi kukihakikisha kwa macho yake mwenyewe. Na hiyo ndiyo njaa ya pili, njaa ya akili. Mtoto anayelishwa bukari kila siku lakini anayeambiwa kila siku «kubali tu» atakua na tumbo lililojaa na kichwa cha mtumwa. Sisi tuliolelewa katika mji wa kompani tunajua maana ya maneno hayo.

Neno la pili la kupinga: ni kazi ya Leta na kompani

Wengine watasema: «Sawa, elimu ni muhimu. Lakini ile ni kazi ya Leta. Ni kazi ya kompani. Juu ya nini mwalimu atoe mfukoni?»

Hili ni neno zito zaidi kuliko la kwanza, na tunalikubali kwa nusu.

Tunalikubali kwa sababu deni lipo, na limeandikwa. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inasema kwamba mrabaha wa madini ugawanywe hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, asilimia 25 kwa jimbo, asilimia 15 kwa maeneo yenyewe yanayochimbwa, na asilimia 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Tena kompani inadaiwa asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa ajili ya maendeleo ya wakaaji. Hayo si matabishi. Ni haki. Mwalimu anayetoa vyombo darasani hafuti hata franka moja ya deni hilo. Na kiongozi akisimama mbele ya zawadi ya mwalimu, akapigwa picha, akasema «mnaona, elimu inakwenda vizuri», anatumia wema wa mtu mmoja kuficha kosa la wengi. Hili ndilo hatari ya zawadi katika nchi yetu. Tangu miaka ya 1990 wazazi ndio waliobeba mishahara ya walimu kwa ile tuliyoiita prime, na kwa muda mrefu wenye kudaiwa walilala usingizi mzuri. Kutoa kunaweza kuwafundisha wenye deni wasilipe.

Lakini nusu ya pili hatuikubali. Tukumbuke historia yetu. Union Minière ilianzishwa mwaka 1906. Mji wa Kolwezi ulizaliwa katika miaka ya 1930 kwa ajili ya migodi yake. Baadaye ikaja Gécamines. Kompani ilitoa nyumba, shule, hospitali, unga kwa kipimo, hata maziwa ya watoto. Wazee wanakumbuka msemo: kompani njo baba, njo mama. Ilikuwa kutoa kukubwa kuliko kwa profesa yeyote. Lakini aliyetoa alishika ufunguo. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka, uzalishaji ukaanguka, na baba na mama wakaanguka pamoja nao. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya elfu kumi waliacha kazi ya Gécamines katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, kila mmoja na bahasha yake. Shule na hospitali zilizokuwa zetu kwa mazoea zikaonekana hazikuwa zetu kabisa. Hatukuweka jiwe hata moja kwa mkono wetu, basi hatukujua jinsi ya kulishika lisianguke.

Hapo ndipo tofauti ya Hopkins inaonekana. Kiasi cha pesa alichotoa kilikuwa kidogo ukilinganisha na mali za matajiri. Ukubwa wa kitendo chake uko katika yale mawe. Alitoa kwa namna iliyowafanya wanafunzi watoe pia. Wale vijana walipoingia katika nyumba ile usiku, waliingia mahali ambapo mgongo wao ulikuwa umeuma. Wakati wa Mobutu tulikuwa na neno salongo, kazi ya pamoja, likaharibika kwa sababu mkubwa alisimama na fimbo na wadogo wakafyeka majani. Salongo ya Hopkins ilikuwa nyingine: mkubwa alitoa pesa yake kwanza, halafu akabeba jiwe la kwanza.

Anayelipia jicho, ndiye anayeona

Kuna sababu nyingine inayotufanya tuseme kwamba elimu isiachwe mikononi mwa wengine peke yao.

Mwaka 1950, huko Ishango, mahali mto Semliki unapotoka katika ziwa Edward, Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua mfupa mdogo wenye mistari iliyochongwa kwa mafungu. Umri wake unahesabiwa kuwa miaka 20,000 hivi. Wako wanaosema ni hesabu ya namba, wako wanaosema ni hesabu ya siku za mwezi. Kwa vyovyote, mtu wa bara letu alikaa chini akahesabu, akaandika hesabu yake, zamani kabisa. Mfupa huo uko Brussels. Mtoto wa Kolwezi akitaka kuuona, atahitaji viza. Hatusemi de Heinzelin alifanya vibaya kuchimba. Tunasema hivi: aliyelipia safari, jembe na nyumba ya kuhifadhia ndiye aliyekaa na hesabu ya babu yetu.

Tuangalie na shaba yenyewe. Mababu wa eneo hili waliyeyusha malakiti kwa makaa, wakati wa kiangazi baada ya mavuno, wakamwaga misalaba ya shaba iliyokwenda mbali kama feza. Misalaba hiyo imepatikana katika makaburi ya zamani ya Sanga, kando ya ziwa Kisale. Ufundi ule ulipokelewa mkono kwa mkono, haukuwa na nyumba. Migodi ilipochukuliwa, mikono ikakosa wa kuipokea. Sehemu kubwa ya tunachokijua leo juu ya matanuru ya babu zetu tunakisoma katika vitabu vya wageni, kwa Kifaransa.

Na jambo hili wengi hawalijui: vioo vya darubini kubwa za zamani vilikuwa vya shaba. William Herschel, mwanamuziki aliyeishi Uingereza, alijitengenezea vioo vyake nyumbani kwa kuyeyusha shaba na bati, na shaba ndiyo iliyokuwa nyingi. Dada yake Caroline alimsaidia. Kwa darubini aliyojitengenezea hivyo aliona mwaka 1781 sayari ambayo hakuna aliyeitambua kabla yake, Uranus. Alianza kwa pesa ya mwalimu wa muziki, si ya mfalme. Mfalme alikuja nyuma. Shaba ya kuona mbali hivyo, sisi tunaikanyaga kila siku.

Namna tatu za kutoa

Ili tuhukumu vizuri, tuwaweke pamoja watoaji watatu.

Wa kwanza ni James Lick, tajiri wa California. Aliacha dola 700,000 zijengwe darubini kubwa, na mwaka 1888 kituo kikakabidhiwa Chuo Kikuu cha California. Alikuwa amefariki mwaka 1876, na mwaka 1887 mwili wake ukahamishiwa chini ya nguzo ya darubini hiyo. Amelala hapo mpaka leo. Faida ya kituo hicho kwa elimu ni kubwa, hatuwezi kuikana. Lakini kila anayepanda kuangalia nyota anapita juu ya kaburi la mwenye pesa.

Wa pili wako karibu yetu, Ethiopia. Mwaka 2004 watu wachache wa Addis Ababa, walimu na wapenda elimu, walianzisha chama cha sayansi ya anga. Wengi waliwaona kama watu waliopungukiwa na akili: nchi iliyojulikana duniani kwa njaa, inataka nyota? Hawakuwa na mali ya kutosha, walikuwa na uvumilivu. Baadaye tajiri Mohammed Al Amoudi alitoa pesa, na mwaka 2015 kikafunguliwa kituo cha Entoto, kwenye mlima wa meta 3,200 hivi, chenye darubini mbili zenye upana wa meta 1 kila moja. Mwezi wa 12 mwaka 2019 Ethiopia ikarusha satelaiti yake ya kwanza, kwa msaada wa China, kuangalia ardhi, mashamba na maji. Walioitwa wajinga ndio waliofungua njia hiyo.

Wa tatu ni Hopkins, mwalimu aliyetoa kidogo chake mwenyewe, pamoja na mgongo wake.

Kila namna ina mahali pake. Bila tajiri, darubini za Entoto zisingenunuliwa. Lakini tajiri wa Entoto asingejua pa kuweka pesa yake kama wale wachache wasingekubali kwanza kuchekwa. Mwenye elimu anatoa kitu ambacho tajiri na Leta hawawezi kutoa mahali pake: ushahidi kwamba yeye mwenyewe anaamini anachofundisha. Mwalimu anayesema «hesabu ni muhimu», halafu kila franka yake inakwenda kwenye gari na nyumba ya kupangisha, amefundisha somo jingine, na wanafunzi wamelielewa vizuri sana.

Likelemba ya elimu

Tulisema mwanzoni kwamba mila hazijaipa jina namna hii ya kutoa. Baada ya kufikiri, tunaona jina liko karibu. Ni likelemba.

Bamama wa soko wanajua likelemba kuliko sisi. Kila mmoja anaweka, mmoja anachukua, na aliyechukua anaendelea kuweka mpaka wa mwisho apate. Ukichukua ukakimbia, hukumwibia aliyekuwa mbele yako, yeye amekwisha kupata. Umemwibia yule anayengoja nyuma.

Elimu ni hivyo hivyo. Hakuna mwalimu, enjenia ao mganga wa hapa Kolwezi aliyejisomesha peke yake. Kuna mama aliyeuza sombe, kuna baba aliyekatwa mshahara, kuna padri ao sista aliyefundisha usiku, kuna watu waliopata namba na herufi karne nyingi kabla yetu wakatuachia bila kutudai. Tumekwisha kuchukua. Zamu yetu ya kuweka imefika, na anayengoja nyuma ni mtoto ambaye hatumjui. Kwa hiyo profesa aliyejenga nyumba ya nyota hakufanya sadaka. Aliweka fungu lake. Na ndiyo sababu hakuwa na haki ya kubaki na ufunguo: fungu la likelemba, ukishaliweka, si lako tena.

Ndugu atauliza: «Na mimi, nduguyo?» Tumjibu kwa heshima: wewe uko katika likelemba ya damu, na haki yako tunaijua. Lakini mwenye elimu yumo katika mbili. Anayelipa moja na kuikimbia nyingine bado ana deni.

Hatudai kila profesa wa Kolwezi ajenge nyumba ya nyota. Mmoja anaweza kununua darubini ndogo, mwingine mikroskopi ya shule. Mwingine ataandika majina ya nyota, ya udongo na ya miti kama wazee wa Wasanga, Walunda ao Waluba wanavyoyasema, kabla wazee hao hawajaondoka. Mchimbaji mdogo, yule tunayemwita krezere, anayejua mawe kwa kuyaonja na kuyapima mkononi, naye ana elimu ya kuweka. Aulizwe na aandikiwe. Kitu kinachotolewa kiwe kidogo ao kikubwa, tukipime kwa maswali matatu. Wenye haki nyumbani wamepata? Kimetoka kweli mkononi mwa mtoaji, na wanaopokea wamebeba jiwe lao? Na wanaodaiwa, Leta na kompani, wanaendelea kudaiwa kwa sauti ile ile?

Ikiwa majibu ni ndiyo, basi asichekwe mtu huyo. Kuanzia mwezi wa 5 mpaka wa 9 anga yetu haina mawingu. Nje kidogo ya mji, mbali na taa za migodi, Msalaba wa Kusini unaonekana wazi kwa macho matupu, bila kulipa kitu. Mwalimu anaweza kuanza hapo, na wanafunzi kumi na daftari moja. Waandike wanachokiona, usiku kwa usiku, na tarehe. Mwaka ukiisha watakuwa na kitabu ambacho hakuna kompani iliyowapa, na hakuna atakayekifunga akiondoka.